Upinde wa Mvua juu ya Nyumba ya Rafiki: Mchoraji John Constable na Elimu ya Hali ya Hewa

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba sayansi huua uzuri wa vitu. Wanadai kwamba upinde wa mvua ukishapimwa kwa digrii hauna ajabu tena, na kwamba wingu likishapewa jina la kisomi hubaki mvuke tu. Katika tafakari hii twapenda kuonyesha kinyume cha hayo kwa njia ya historia ya mtu mmoja, mchoraji Mwingereza John Constable, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na mwaka 1837. Mtu huyu aliyachunguza mawingu kwa bidii ya mpimaji, na zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake wapimaji nao wakayachunguza mawingu aliyoyachora. Kazi yao imetusaidia kuzielewa picha zake, tena imetusaidia kuuelewa moyo wake.

Kijana wa kinu cha upepo

John Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 katika kijiji cha East Bergholt, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding Constable, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vilivyozungushwa na maji ya mto Stour, pamoja na kinu cha upepo. Alitamani mwanawe ashike kazi hiyo, na kweli kijana alitumika kinuni kwa muda kabla ya kuruhusiwa kwenda London mwaka 1799 kujifunza uchoraji katika shule ya Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa.

Siku zile za kinuni hazikupotea bure. Mwenye kinu cha upepo asiyejua kusoma anga hupata hasara. Dhoruba ikimkuta hajajiandaa, mapanga ya kinu huweza kuvunjika. Upepo ukikosekana, nafaka haisagiki. Basi hutazama juu kila saa, kama mvuvi wa ziwani atazamavyo upande unakotoka upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Miaka mingi baadaye, alipoandika maelezo ya picha yake inayoonyesha kinu kile cha East Bergholt, Constable alieleza kwamba vipande vidogo vya mawingu vinavyopita upesi chini ya mawingu makubwa huitwa «wajumbe» na watu wa vinu na mabaharia, kwa sababu hutangulia hali mbaya ya hewa. Elimu ya leo inawaunga mkono watu wale: vipande hivyo hufanyika chini, katika hewa iliyokwisha kulowa, na mara nyingi ni dalili ya mvua.

Tunataja jambo hili mapema ili tuelewe kwamba Constable hakuanza kutazama anga kama msanii. Alianza kama mtoto wa mtu wa kazi, ambaye mkate wa nyumbani kwao ulitegemea upepo.

Mawingu yapata majina

Hadi mwanzo wa karne ya 19, mawingu hayakuwa na majina yanayokubaliwa na wataalamu wote. Kila mtu aliyaeleza apendavyo, na wengi waliona kwamba kitu kinachogeuka kila dakika hakiwezi kupangwa katika elimu. Mnamo Desemba 1802, Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London na Mkristo wa jumuiya ya Wakweka, alisoma hotuba mbele ya chama kidogo cha marafiki wa sayansi. Mwaka uliofuata hotuba hiyo ilichapishwa. Howard alionyesha kwamba mawingu, ijapokuwa hubadilika bila kukoma, yana maumbo machache ya msingi, akayapa majina ya Kilatini. Sirusi ni yale ya juu sana, yaliyo kama nyuzi au nywele. Kumulusi ni yale yanayorundikana kama pamba. Stratusi ni yale yanayotandazwa kama shuka. Nimbusi ni wingu la mvua. Tena alifundisha kwamba umbo moja hugeuka kuwa jingine kwa sababu za asili zinazoweza kuchunguzwa.

Wale kati yenu waliosoma jiografia shuleni wameyakuta majina hayo kwa Kifaransa. Ndiyo yanayotumika mpaka leo katika vituo vya hali ya hewa ulimwenguni kote, hata katika nchi yetu.

Constable aliufahamu mpango huo. Alikuwa na kitabu cha Thomas Forster kuhusu mambo ya angahewa, toleo la mwaka 1815, ambacho kilieleza majina ya Howard. Naye aliandika maoni yake pembeni mwa kurasa, akikubali hapa na kupinga pale. Tuone basi mtu anayesoma kwa kalamu mkononi, akipima maneno ya kitabu kwa yale ambayo macho yake yalishayaona tangu utoto.

Kilima cha Hampstead

Mwaka 1816 Constable alimwoa Maria Bicknell, baada ya uchumba mrefu uliopingwa na jamaa za binti. Aliyewafungisha ndoa alikuwa rafiki yake John Fisher, mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Tena aliwakaribisha maarusi nyumbani kwake karibu na bahari. Tukumbuke jina la rafiki huyo, kwa maana tutalikuta tena.

Maria alikuwa na afya dhaifu. Kwa ajili yake, tangu mwaka 1819, familia ilianza kukodi nyumba Hampstead, kilima chenye hewa safi upande wa kaskazini mwa London. Huko, katika miezi ya kiangazi na ya vuli ya mwaka 1821 na 1822, Constable alifanya kazi ambayo wachoraji wachache walikuwa wameifanya kwa bidii ya namna ile. Aliketi nje na sanduku la rangi na karatasi, akachora anga peke yake: hakuna nyumba, hakuna mtu, mara nyingine hata mti haumo. Alilazimika kumaliza upesi, kwa sababu wingu halimngojei mchoraji. Kisha, nyuma ya karatasi, aliandika tarehe, saa, upande wa upepo na hali ya siku: kama kulikuwa na joto, kama mvua ilikuwa imenyesha, kama upepo ulikuwa mkali. Mnamo Oktoba 1822 alimwarifu Fisher kwamba alikuwa amekwisha kufanya uchunguzi wa anga wapata hamsini.

Mwaka mmoja kabla, katika barua nyingine kwa rafiki huyo huyo, alikuwa ameeleza sababu yake. Kwa maoni yake, anga ndiyo chemchemi ya mwanga katika uumbaji, nayo hutawala kila kitu kilicho chini yake. Katika picha ya mandhari, anga ndiyo inayobeba hisia kuliko sehemu nyingine yoyote. Mchoraji anayeiweka nyuma kama pazia jeupe amejinyima msaada mkubwa.

Wapimaji wachunguza picha

Je, kazi zile zilikuwa za kweli, au zilikuwa ndoto za msanii? Hapo ndipo elimu ya hali ya hewa inapoleta taa yake. Tangu mwaka 1979, John Thornes, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Birmingham, alichapisha uchunguzi juu ya mawingu ya Constable, na mwaka 1999 akatoa kitabu kizima juu ya anga za mchoraji huyo. Njia yake ilikuwa rahisi kuieleza, ingawa ilihitaji subira. Alichukua maandishi yaliyo nyuma ya karatasi, akayalinganisha na kumbukumbu za hali ya hewa zilizoandikwa siku kwa siku katika eneo la London wakati ule. Luke Howard mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wa kumbukumbu hizo.

Maneno ya mchoraji na vipimo vya wataalamu yalipatana vizuri. Palipoandikwa upepo wa magharibi, mawingu yanaonekana kama yapasavyo kuonekana upepo huo unapovuma. Na karatasi ambazo Constable alisahau kuziandika mwaka, kumbukumbu hizo ziliweza kusaidia kuamua kama ni za 1821 au 1822.

Hata mtu asiye na kumbukumbu hizo aweza kuona ukweli wa kazi ile akijua kidogo jinsi wingu linavyofanyika. Jua hupasha ardhi joto. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto, huwa nyepesi na kupanda. Kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa. Ikifika kimo fulani, unyevu wake hugeuka kuwa vitone vidogo sana, na hapo wingu huanza. Kwa kuwa katika eneo moja kimo hicho ni karibu kile kile, mawingu ya kumulusi yote huwa na kitako bapa kilicho sawasawa, kana kwamba yamewekwa juu ya meza ya kioo, huku vichwa vyao vikivimba juu. Tena, kadiri yanavyokwenda mbali, yanaonekana madogo na yenye kukaribiana, mpaka yanafikia upeo wa macho. Wachoraji wengi wa zamani walitia mawingu kama mito ya kulalia iliyotupwa ovyo angani. Constable alitia vitako mahali pake, vivuli mahali pake, na mwanga ukatoka upande mmoja tu, ule wa jua.

Basi hatua ya kwanza ya somo letu ni hii: sayansi imethibitisha kwamba mtu huyu alikuwa shahidi mwaminifu. Alipoandika kwamba aliona, alikuwa ameona.

Askofu na wingu jeusi

Hata hivyo, tusidhani kwamba Constable alikuwa mashine ya kunakili. Picha zake kubwa, kama ile ya gari la kukokotwa na farasi likivuka mto, iliyoonyeshwa mwaka 1821 na kupata medali ya dhahabu mjini Paris mwaka 1824, zilikamilishwa ndani ya chumba cha kazi huko London. Pale alipaswa kuchagua: je, juu ya shamba hili niweke anga ya namna gani? Uchunguzi wa Hampstead ulikuwa kama kamusi yake. Lakini kamusi haiandiki barua, mwandishi ndiye aandikaye.

Kisa kimoja chaonyesha jinsi uchaguzi huo ulivyokuwa na uzito. Askofu wa Anglikana wa Salisbury, ambaye naye aliitwa John Fisher na alikuwa jamaa mkubwa wa rafiki yake mchoraji, aliagiza picha ya katedrali ya mji wake. Katedrali hiyo ilijengwa zamani, kabla ya mafarakano ya Wakristo wa Uingereza na Roma: jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1220, na mnara wake wenye ncha unafikia mita 123 hivi. Constable alimaliza picha mwaka 1823, akaweka nyuma ya mnara wingu zito la mvua. Askofu hakufurahi. Aliipenda katedrali, hakulipenda wingu. Akaomba anga yenye mwanga zaidi. Constable alimheshimu, akatengeneza picha nyingine yenye anga angavu. Lakini wingu lile la kwanza lilikuwa halijamaliza kazi yake katika maisha ya mchoraji.

Kanisa chini ya wingu

Tarehe 23 Novemba 1828 Maria alifariki kwa kifua kikuu, akiacha watoto saba, wa mwisho akiwa bado mchanga. Constable alimwandikia ndugu yake kwamba uso wa dunia ulikuwa umebadilika kwake kabisa. Miezi michache baadaye, Februari 1829, Royal Academy ikamchagua kuwa mshiriki kamili, heshima aliyoingojea kwa miaka mingi. Nayo ilifika wakati yule ambaye angefurahi naye hayupo tena.

Rafiki yake Fisher, aliyekuwa sasa arkidikoni na mwenye nyumba kando ya katedrali ya Salisbury, alimwalika kwake. Alijua kwamba mtu mwenye msiba mkubwa hahitaji hotuba ndefu. Huhitaji kazi na mtu wa kukaa naye. Alimhimiza achore katedrali tena kutoka kwenye malisho ng'ambo ya mto, na safari hii aichore kanisa likiwa chini ya wingu.

Wingu lile lilikuwa na maana zaidi ya moja. Wanahistoria huliunganisha na huzuni ya Constable, na pia na hofu za Waanglikana wengi wakati ule. Mwaka 1829 bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa Wakatoliki haki ya kuketi bungeni na kushika vyeo vingi vya serikali walivyokuwa wamenyimwa kwa vizazi. Baada yake yakafuata mageuzi ya uchaguzi wa bunge, yaliyokamilika mwaka 1832. Yale ambayo kwa babu zetu wa imani Katoliki kule Uingereza yalikuwa mapambazuko, kwa Constable na kwa wengi wa Kanisa lake yalionekana kama dhoruba. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo wala ya kuwahukumu watu kwa ajili yake. Historia hutufundisha kwamba anga ile ile yaweza kuwa asubuhi kwa mmoja na usiku kwa mwingine, na kwamba huzuni ya mtu ni ya kweli hata pale ambapo hatushiriki hofu zake.

Picha ilionyeshwa London mwaka 1831. Ina urefu wa mita 1.9 hivi na kimo cha mita 1.5. Mbele kuna mto wenye maji ya utulivu, mbwa amesimama ukingoni, na gari la mizigo likivutwa na farasi kuvuka maji. Katikati mnara wa katedrali wapanda kama kidole ndani ya mawingu meusi, na radi yaonekana juu ya paa. Na juu ya yote upinde mkubwa wa mvua wapita, ukishuka upande wa kulia wa katedrali.

Upinde usioweza kuonekana

Sasa turudi kwa elimu ya hali ya hewa, kwa maana upinde ni kitu ambacho hesabu zake zinajulikana kabisa.

Mwanga wa jua ukiingia ndani ya tone la mvua hupindwa, hugonga ukuta wa nyuma wa tone, kisha hupindwa tena unapotoka. Kila rangi hupindwa kwa kiasi chake. Hivyo rangi hutengana. Miale mingi hutoka kwa pembe ya digrii 42 hivi. Kwa hiyo upinde ni sehemu ya duara, na kitovu cha duara hilo ni nukta iliyo kinyume kabisa cha jua, yaani mahali ambapo kivuli cha kichwa chako kinaelekea. Kutokana na hayo twapata sheria mbili. Ya kwanza: mtu atazamaye upinde siku zote amelipa jua mgongo. Ya pili: jua likipanda juu kuliko digrii 42, anayesimama uwandani hawezi kuona upinde angani, kwa sababu wote uko chini ya upeo wa macho.

Kwetu sisi tunaoishi karibu na ikweta, sheria hiyo ni rahisi kuijaribu. Jua letu hupanda haraka; kwa hiyo upinde huonekana asubuhi kabla ya saa tatu hivi, nao huwa upande wa magharibi, au alasiri baada ya saa tisa hivi, nao huwa upande wa mashariki. Mtu akikuchorea upinde wa saa sita mchana juu ya uwanja wa parokia, mwambie kwa upole kwamba hakuuona.

Constable alizijua sheria hizo. Katika miaka ya 1830 alichora kwa mkono wake vielelezo vya miale ndani ya tone la mvua, na mwaka 1836 alionyesha picha ya mawe ya kale ya Stonehenge yenye pinde mbili. Mwaka huo huo, katika mhadhara wake mbele ya wasomi wa London, alisisitiza kwamba uchoraji ni sayansi, na kwamba mchoraji apaswa kuzichunguza sheria za asili.

Lakini upinde wa Salisbury hauzitii sheria hizo. Mchoraji amesimama upande wa kaskazini-magharibi mwa katedrali, akitazama kusini-mashariki. Ili aone upinde mbele yake, jua lazima liwe nyuma yake, upande wa magharibi au kaskazini-magharibi, yaani siku iwe imeelekea jioni. Wataalamu walipopima mahali pa upinde na kuulinganisha na mwanga ulioenea katika picha, waliona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kuwapo pamoja kwa saa moja. Upinde ule, mahali ulipowekwa na chini ya mwanga ule, hauwezekani. Tena, katika mchoro mdogo wa matayarisho ya picha hiyo, upinde haumo.

Mtu angeweza kusema: basi, mzee alikosea. Lakini jibu hilo ni jepesi mno. Mtu aliyeandika upande wa upepo nyuma ya karatasi hamsini, mtu aliyesahihisha kitabu cha sayansi pembeni mwa kurasa zake, je, angekosa kujua jua liko wapi?

Tuangalie unaposhukia mguu wa upinde. Unashukia kwenye nyumba iitwayo Leadenhall, iliyo katika uwanja wa katedrali. Ndiyo nyumba ya arkidikoni John Fisher. Ni nyumba ambamo mjane yule alipokewa na msiba wake.

Na Fisher hakuishi muda mrefu baada ya maonyesho. Alifariki tarehe 25 Agosti 1832 huko Boulogne, Ufaransa. Constable hakuiuza picha ile. Ilikaa kwake mpaka alipofariki yeye mwenyewe tarehe 31 Machi 1837, naye aliendelea kuigusa kwa brashi baada ya maonyesho ya 1831. Kutokana na mambo hayo, pamoja na hesabu zake za kimo cha jua, Thornes alitoa hoja mwaka 2017 kwamba upinde haukuwa katika wazo la kwanza. Kwa maoni yake uliongezwa baada ya kifo cha Fisher, kwa kumbukumbu ya rafiki. Hiyo ni hoja ya mtaalamu, si maandishi ya mchoraji, nasi twaipokea kwa kiasi hicho. Lakini uwe uliwekwa kabla ya kifo au baada yake, mguu wake umesimama mahali pale pale, juu ya paa la mtu aliyemhurumia.

Faida yetu

Vijana wapenzi, tuone vizuri ni nini kilichotendeka hapa. Kama tusingekuwa na elimu ya hali ya hewa, tungeutazama upinde ule na kusema: siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na mchoraji akaunakili. Tungepita. Ni sayansi iliyotuzuia, ikatuambia: simameni, kitu hiki hakikuonekana na mtu yeyote, kiliwekwa. Na palipowekwa kitu, pana mtu aliyetaka kusema neno. Kipimo hakikuufuta upinde. Kilituonyesha njia ya kuufikia moyo.

Lakini neno lile lilipata nguvu kwa sababu ya uaminifu uliotangulia. Mchoraji anayebuni kila wingu, akiongeza na upinde, hatutauona upinde wake. Utazama katika mabuni mengine. Constable alikuwa ametii ukweli wa anga kwa miaka mingi, karatasi kwa karatasi, saa kwa saa. Kwa hiyo siku alipoachana nao mara moja kwa ajili ya upendo, tendo lile likasikika. Ndivyo ilivyo hata katika maisha ya vikundi vyetu. Mtu aliyezoea kusema ukweli katika mambo madogo, neno lake la faraja siku ya msiba lina uzito. Mtu aliyezoea kutia chumvi, hata faraja yake twaitilia shaka.

Pia tusisahau Wakristo wanaoisoma Biblia huuona nini katika upinde: ni alama ya agano baada ya gharika. Fisher na Constable waliifahamu habari hiyo, kama sisi tunavyoifahamu. Wingu halikuondolewa katika picha. Radi bado ipo, mnara bado umezungukwa na giza, na gari bado limo majini. Constable hakumpa rafiki yake anga angavu kama ile aliyoiomba askofu. Aliacha dhoruba kama ilivyo, akaweka alama juu yake.

Leo picha hiyo ni mali ya majumba ya makumbusho ya taifa la Uingereza. Mwaka 2013 ilinunuliwa kwa zaidi ya paundi milioni 23. Thamani hiyo ni ya soko. Thamani nyingine haihitaji fedha: ni kuinua macho mvua inapopita juu ya milima yetu, kuuliza jua liko wapi na upepo unatoka wapi, na kumkumbuka yule aliyetufungulia mlango tulipokuwa chini ya wingu.

Maswali ya mazungumzo katika kikundi

1. Ni kazi gani ya nyumbani kwenu, ya shamba, ya uvuvi au ya biashara, iliyowafundisha kuchunguza jambo kabla ya kitabu kuwafundisha?

2. Je, twaweza kuwaonea huruma watu wenye huzuni hata kama hofu zao zinatokana na jambo ambalo kwetu ni furaha? Tutafanyaje?

3. Wiki hii mtakapouona upinde, tazameni saa, tazameni kivuli chenu kinaelekea wapi, mkaandike kama Constable alivyoandika. Mkutanapo tena, linganisheni mliyoyaona.